Mkono Wangu Kwenye Breki ya Winchi

Busia, upande wa Uganda
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Naomba karatasi hii ikukute ukiwa na nguvu zako, na moshi wa jikoni usiwe umekurudishia kile kikohozi cha mwaka jana. Goti je? Mdogo wangu Dama aliniambia siku hizi unapika umekaa, nikafurahi, maana najua hakuna binadamu hapo Mariakani anayeweza kukukalisha isipokuwa goti lenyewe. Na Babu, macho yanaendeleaje? Bado anawatambua wateja wa hoteli yako kwa sauti ya gari na kuwasalimu kabla hawajashuka?

Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili kwa sababu sitaki kukudanganya mapema hivi. Baba Sidi, yule dereva wako asiyetaka pilipili kwenye samaki wa kupaka, yuko hapa mpakani na lori lake, amemaliza kuhangaika na karatasi za mzigo na kesho alfajiri anageuza. Ameniahidi atakupa barua hii mkononi, hataiacha kwa msichana wa kuosha vyombo. Mpe chakula kizuri, na usimhoji. Hajui chochote, nimemwambia ni salamu tu.

Mama, nasikia wateja wakikuuliza niko wapi unawaambia niko ofisini kwa kampuni ya ujenzi. Dama ndiye aliyekusengenya kwangu. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta. Lakini leo nataka ujue hasa ninapokaa, la sivyo hutaelewa ninachotaka kukueleza.

Jengo tunalolijenga ni la maduka chini na vyumba vya wageni juu, na sasa liko ghorofa ya nne. Kando yake kuna mnara wa vyuma, na ndani ya mnara kuna kreti ya chuma inayopanda na kushuka. Ndani ya kreti wanaingiza wilbaro iliyojaa zege, au matofali, au mchanga. Kreti inavutwa na waya, waya unajizungusha kwenye pipa la chuma, pipa linazungushwa na injini ya dizeli, na nyuma ya injini, kwenye kiti kilichotengenezwa kwa mbao za boksi, chini ya mabati mawili ya kuzuia mvua, hapo ndipo nilipo mimi. Hiyo ndiyo winchi, na hiyo ndiyo ofisi yangu. Mkono wa kushoto una klachi ya kupandisha. Mkono wa kulia una breki, na breki ndiyo inayoishikilia kreti kule juu wakati wanavuta wilbaro. Nikiachia, inaanguka.

Kazi hii sikupewa kwa huruma. Unakumbuka siku ya wazazi pale chuo cha ufundi, ulivyozunguka ukitafuta darasa la cherehani ukanikuta chini ya trekta na uso mweusi? Ulinuna mpaka tukafika nyumbani. Ni ile elimu ya chini ya trekta iliyonileta hapa. Nilianza kwa kubeba maji kama wanawake wote wa mjengo, na mwanamume aliyeendesha winchi kabla yangu alipoondoka kwenda Kampala injini ikagoma siku hiyo hiyo, mimi ndiye niliyeifungua na kuiwasha. Nyapara wetu, Bwana Oboth, mtu wa Tororo asiyepoteza maneno, alinitazama akasema, "Basi kaa hapo." Nimekaa.

Katika kukaa huko nimegombana na wanaume kwa jambo moja tu. Sipandishi watu. Yule wa kwanza alikuwa anawapandisha, wamesimama ndani ya kreti wakivuta sigara, na mimi niliposema kreti ni ya mzigo na ngazi ni ya watu, wakaniona nimeleta ushamba wa pwani. Mmoja aliyenisumbua zaidi ni Wandera, fundi wa nguzo, Msamia wa upande wa Kenya, mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko. Ananiita shemeji ingawa hana ndugu wa kunioa. Kila asubuhi ananyoosha mguu mmoja ndani ya kreti akinitazama, mimi nazima injini, yeye anautoa, anapanda ngazi akiimba. Umekuwa mchezo wetu. Lakini kule juu lazima mtu aingize mguu ndani ya kreti ili aivute wilbaro, hilo haliepukiki, na mara nyingi anayevuta ni yeye.

Sasa nikueleze kuhusu Mzee Opio. Huyu ni askari wetu wa usiku, anatoka Rubongi. Zamani alikuwa akivusha watu hapa mpakani kwa baiskeli, abiria amekaa nyuma kwenye kiti cha sponji, na mpaka leo anatembea na kikopo cha mafuta mfukoni kama alivyokuwa akitembea nacho kwa ajili ya cheni. Kitu kikilia, anakipaka. Ameshapaka lango letu, magurudumu ya wilbaro, bawaba za choo, hata kiti cha Mama Akello anayetuuzia ugali wa wimbi na muhogo. Sisi tunamcheka, lakini ukweli ni kwamba hakuna kitu kinachopiga kelele kwenye ile saiti, na ni kwa sababu yake. Mimi ananipenda sana. Anasema nina mwendo wa binti yake aliyeolewa Iyolwa.

Breki yangu ilikuwa inalia. Kila nikiibana inatoa mlio wa kukereza, mpaka jioni kichwa kinanigonga. Nilimwambia Mzee Opio Jumatano jioni alipokuja kuingia zamu, kwa kulalamika tu, kama mtu anavyolalamikia jua. Nikaenda zangu nyumbani kuoga.

Alhamisi asubuhi nilifanya nilivyozoea. Nilikagua waya, nikawasha injini, nikapandisha kreti tupu hadi juu, nikaibana breki, ikasimama. Niliona haijalia. Nikasema moyoni, leo Mungu amenihurumia. Nikaishusha, wakaingiza wilbaro ya zege la nguzo, nikapandisha. Ikafika ghorofa ya nne, nikabana. Ikasimama tena. Kule juu nikaona kivuli cha Wandera kikiinama kushika vipini.

Mama, nimejaribu kuandika sehemu hii mara kadhaa na kila mara nainuka kwenda kunywa maji.

Breki ililegea mkononi. Haikukatika, haikupiga kelele, ililegea tu kama mkono wa mtoto anayepitiwa na usingizi. Nikaivuta kwa mikono miwili, nikaikanyaga kwa mguu, pipa likawa linazunguka tu mbele yangu na waya unapita mpaka hauonekani. Halafu kreti ikatua. Ardhi ilitikisika mpaka mabati ya kibanda changu yakacheza. Zege lilinirukia usoni, sikuona kitu, na nilipofuta macho, mbele ya miguu yangu palikuwa na gambuti moja. Lilikuwa limesimama wima.

Sikuweza kutazama ndani yake. Nisamehe kukuandikia hivi, lakini ndicho kilichotokea. Nilijua ni la Wandera, nalijua kwa kiraka chake chekundu, na nilijua kwamba nikiinama nikaona ndani yake kuna kitu, basi mimi sitasimama tena maisha yangu yote. Nikafunga macho. Athieno ndiye aliyekuja mbio. Huyu ni rafiki yangu, msichana wa Iyolwa anayejifunza uashi. Alilishika lile gambuti, akaliinua, akaingiza mkono mpaka ndani kabisa.

"Kadzo," akasema, "iko tupu. Fungua macho. Iko tupu."

Wandera alikuwa ananing'inia juu, mama. Mguu mmoja ulikuwa kwenye slabu, ile sakafu ya zege, na mmoja ndani ya kreti, na kreti ilipoondoka ilimvua kiatu na kuondoka nacho. Alikumbatia bomba la jukwaa la mafundi mpaka wakamvuta. Amechubuka paja na bega, basi. Wenzake walimshusha kwa ngazi polepole, mguu mmoja una soksi, na hakuwa anacheka.

Halafu wakanigeukia mimi. Sitakuandikia yote waliyosema. Mmoja, ambaye juzi tu nilimwazima sufuria, alisema winchi si kitu ya mwanamke, tulisema toka mwanzo, mkono haina nguvu. Wengine wakaitikia. Bwana Oboth aliwanyamazisha kwa kuinua kiganja, akaniambia nifungue breki tuone. Nilifungua. Spana iliniponyoka mara mbili. Ndani, ule mkanda unaobana pipa, ambao unatakiwa uwe mkavu kabisa, ulikuwa unang'aa. Niligusa, nikanusa. Mafuta.

Nilijua papo hapo ni nani. Na nilijua pia wao watafikiria nini, kwa sababu mtu mmoja alikuwa ameshaanza kusema kuna adui amefanya makusudi, iitwe polisi. Nikasimama na mkono wangu wa mafuta, sijui niseme au nimeze. Nikisema, nimemtupa mzee. Nikinyamaza, ni mkono wangu usio na nguvu.

Sikuhitaji kuchagua. Mzee Opio mwenyewe alikuwa bado yuko, anakunywa chai kwa Mama Akello kabla ya kurudi Rubongi. Alisikia mshindo, alikuja na kikombe mkononi, akapenya katikati ya watu mpaka kwenye mashine. Akatazama mkanda, akatazama mkono wangu, na uso wake ukafurahi.

"Hiyo mafuta ni yangu," akasema. "Mimi naweka jana. Mashine ilikuwa nalia sana, nahurumia huyu mutoto." Kisha akaniuliza mimi, kwa upole wake wote, "Sasa imeacha kulia?"

Hata yule aliyetaka polisi iitwe alitazama chini. Wandera ndiye aliyesogea, akiwa na soksi yake, akamwambia taratibu kwamba breki haitaki mafuta, mzee, breki ikipakwa mafuta haishiki. Mzee Opio akaangalia ile soksi. Akainua macho akafuata mnara hadi ghorofa ya nne, akateremsha macho mpaka kwenye kreti iliyopinda. Chai ikawa inamwagika kwenye mguu wake na yeye hajui. Hajarudi tena kazini. Bwana Oboth amemtumia ujumbe kwamba hakuna anayemdai kosa, aje, lakini amekataa kuja. Naumia nikimfikiria.

Sasa utaniuliza, kama mafuta yalionekana na kila mtu amejua si mimi, hofu ni ya nini? Nami najiuliza hivyo hivyo. Ijumaa fundi alikuja kutoka Tororo na mkanda mpya, akaufunga, kreti ikanyooshwa, tukaijaribu na mawe mazito kuliko wilbaro yoyote. Inashika. Inalia kwa sauti mbaya kuliko zamani na mimi naufurahia ule mlio. Lakini jana nilipokaa peke yangu kupandisha kreti tupu, ilipopita ghorofa ya pili mkono wa kulia uliibana breki wenyewe, nikaishusha. Nikajaribu tena. Ikafika pale pale, nikaishusha. Mara ya tatu nilizima injini nikajifanya natafuta spana.

Mama, naogopa. Sijawahi kuogopa hivi, hata ile miaka ya mafuriko. Nimefikiri sana kwa nini, na nadhani ni hivi: siku ile sikukosea. Waya niliukagua, kreti tupu niliijaribu, mtu sikumpandisha, breki niliibana. Ningekuwa nimekosea ningejua la kurekebisha, ningejikanya, ningeendelea. Lakini nilifanya kila kitu sawasawa na bado mtu nusura afe kwenye kiganja changu, tena kwa sababu ya wema wa mzee. Sasa kila kitu nakishuku. Nachungulia ndani ya breki, naiosha na petroli, nageuka naenda hatua chache, narudi kuchungulia tena. Nikiwa nakula nahisi mkono unalegea. Kuna jirani yangu anayesukuma mlango wake kwa kishindo kila asubuhi, na kila akisukuma mimi natafuta gambuti.

Na Jumamosi hii inayokuja tunamwaga slabu ya mwisho, ile ya juu kabisa. Hujawahi kuona siku ya slabu. Ukianza kumwaga zege huwezi kusema tupumzike tutaendelea kesho, kwa sababu la leo litakauka na la kesho halitashikana nalo, na hapo ndipo nyumba inapopasuka. Kwa hiyo kuanzia alfajiri mpaka limekwisha winchi haisimami. Mama Akello anapikia watu wote, soda zinaletwa kwa kreti, watu wanaimba, ni kama harusi. Na siku nzima kutakuwa na mtu kule juu anaingiza mguu ndani ya kreti yangu.

Bwana Oboth ameniita faragha. Hakunifokea. Aliniambia ameona ninavyoishia ghorofa ya pili. Ijumaa jioni atanijaribu na mzigo kamili, na nikishindwa kuna mwanamume wa winchi huko Tororo atakuja, na mimi nitarudi kwenye maji. Alisema pia, bila kunitazama, kwamba mimi nikitoka pale hataweka mwanamke mwingine, si kwa ubaya, ila hatakuwa na neno la kuwajibu hawa watu. Athieno alikuwa ameanza kukaa na mimi saa za chakula nikimfundisha klachi. Sasa ananipakulia chakula tu na kuninyang'anya sahani ya kuosha.

Jana jioni Wandera alikuja pale kwenye kibanda. Amenunua gambuti jipya, la zamani hataki hata kuliona. Akaketi kwenye jiwe, akaniambia Jumamosi yeye ndiye atakayevuta kule juu, amemwomba Oboth. Nikamwambia atafute mtu mwingine avute. Akasema hakuna, wote wanaogopa.

"Na wewe?" nikamuuliza.

"Mimi naogopa kuliko wote. Usiku naota nimeshika hiyo bomba." Akafuta tope kwenye gambuti lake jipya. "Lakini wewe shemeji unaogopa kwa ajili yangu. Huyo wa Tororo hanijui hata jina. Mimi nataka mwenye anaogopa ndiye ashike."

Aliondoka, safari hii bila kuimba. Alifikiri amenipa moyo. Mama, aliniongezea mzigo. Sasa si mtu tu, ni mtu aliyesema anataka mkono wangu. Nilikaa pale mpaka mvua ikanifukuza, nikijaribu kumchukia ili iwe rahisi, na sikuweza.

Hiyo ndiyo hali. Sijui kama nitafika ghorofa ya nne siku ya Ijumaa. Nataka kufika. Nataka sana, kuliko nilivyotaka kitu chochote tangu nitoke chini ya lile trekta. Hii kazi naijua, mama. Siku nzuri, kreti inapanda laini, inasimama sawasawa na slabu mpaka wilbaro inatoka bila kuruka, na mtu wa juu hata hafikirii kama kuna mtu chini. Napenda asifikirie. Nisingependa kuyaacha haya kwa sababu ya kikopo cha mafuta.

Nisalimie Babu, na mwambie huku magari ya mizigo yanapanga foleni ndefu mpaka angechoka kuyatambua. Shangazi Mbodze msalimie, na umwambie kitenge alichotaka nimekiona, rangi ile ile. Wasalimie wapishi wako wawili, hasa yule anayeunguza wali. Dama mwambie asome, asikusengenye tena, na kama ni yeye anayekusomea hii kwa sababu miwani imepotea, basi Dama, soma yote, usiruke kitu, hata sehemu ya gambuti. Baba Mchungaji mwombe aniombee, ila usimwambie ni kwa jambo gani, maana atalitangaza.

Na sasa la mwisho, mama, ambalo ndilo lililofanya nishike kalamu badala ya simu. Ukimaliza kusoma utanipigia, nakujua, utanipigia kabla hujafunika sufuria. Nipigie, nitashika. Niulize nimekula nini. Niulize kama mvua inanipata na kama viatu vinavuja. Nitukane kwa kukuficha, nitakusikiliza. Lakini nakuomba, mpaka Jumamosi ipite, usiniambie nirudi nyumbani. Oboth nitamjibu, na wale wanaume nitawajibu, hata hofu yenyewe labda nitaibana. Wewe siwezi. Ukisema "rudi, mwanangu" hata mara moja, hata kwa kunong'ona, mimi nitanyanyuka kwenye kile kiti na kuja.

Ni mimi mwanao,
Kadzo